Maoni Yasiyo na Jina

Binti yake aliponipigia simu mwezi wa sita mwaka huu, hakutaja jina la mama yake. Alisema, "Mama mdogo, mama ametuacha. Tunazika Jumamosi, hapa hapa Endulen." Sikuwa nimewahi kuzungumza na binti huyo, wala sikujua namba yangu aliipata wapi, lakini sikuuliza ni mama yupi. Huko Endulen nilikuwa namjua mtu mmoja tu wa kupigiwa simu kwa ajili yake. Nikasema pole, nikasema nitakuja. Kisha nikakaa mezani na kufanya kile nilichokuwa nakifanya kila habari ilipofika katika miaka yangu yote ya gazetini: nikachukua karatasi, nikaandika nani, nini, wapi, lini. Nini, wapi na lini nilivijaza mara moja. Mbele ya "nani" kalamu ikasimama, na mpaka leo sijapajaza. Katika sura hii pia sitaliandika jina hilo. Nitamwita mwenzangu, na msomaji atajua sababu kabla sijamaliza.

Mwaka ninaoueleza ni ule tuliokaa chumba kimoja Karatu, sote tukiwa na miaka kumi na tisa, tumemaliza kidato cha nne katika shule moja na hatujaitwa popote. Mpaka wa Kenya ulikuwa bado umefungwa, na magari ya watalii yaliyopita kwenda kreta yalikuwa machache kiasi kwamba watoto waliyajua kwa rangi zake. Sabuni ilikuwa ya foleni. Mratibu wa elimu ya watu wazima, Mwalimu Bura, mtu mwembamba aliyechomeka kalamu ya akiba kwenye soksi, alituchukua sote wawili tumsaidie katika maktaba ya kijiji. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha ghala, kinachonuka ngano na dawa ya wadudu, chenye masanduku mawili ya mbao. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya ufugaji wa kuku, vya kuchimba vyoo, vya hesabu za kisomo, na riwaya moja tu. Hiyo riwaya haikuwa na jalada. Lilikwisha kung'oka kabla haijatufikia, na pamoja nalo jina la kitabu na la aliyekiandika, kwa hiyo watu wakakiita Kitabu cha Mama wa Kambo.

Nitakieleza kwa kifupi, kwa sababu mengi hayamo. Msichana anaitwa Tabu. Mama yake, Subira, anakufa katika sura ya kwanza akiwa amemshika mkono. Baba anaoa tena kabla sura ya pili haijaisha. Mama wa kambo anamnyima chakula, anamnyima viatu, anamsingizia chungu kilichovunjwa na mwanawe mwenyewe, na katika sura ya saba anamfukuza siku ya mvua kubwa. Tabu anaokotwa na mama mwenye duka ambaye kumbe ni dada wa marehemu mama yake. Anasoma, anakuwa nesi, na siku moja analetwa mgonjwa hoi kwenye wodi yake. Ni nani? Kila mtu Karatu alijua ni nani tangu ukurasa wa kumi. Mgonjwa anapiga magoti kitandani, anaomba msamaha, anasamehewa, na katika ukurasa wa mwisho Tabu anaolewa na daktari. Mimi nilikimaliza kwa siku mbili nikiwa nakidharau, na siku ya tatu nikaandika kurasa sita za maoni. Nilisema humo kwamba kitabu hiki kimetolewa kwenye kalibu moja na vingine vyote vya aina yake, kama matofali. Ukikishika kimoja umeshashika tanuri zima. Maneno hayo ya kalibu niliyapenda sana. Nilimsomea Mwalimu Bura, akasema ni kweli. Nikamsomea mwenzangu, naye akasema ni kweli, kisha akauliza kwa nini basi watu sabini wamejiandikisha kukiazima.

Ndipo ikaja barua kutoka gazeti la vijijini la kanda yetu. Walitaka kila kata ichague kitabu kimoja kinachosomwa, ikusanye maoni ya wasomaji na kuyapeleka kabla ya mwezi wa nane kwisha. Kijana ambaye mkusanyo wake ungechapishwa angeitwa kwenye mafunzo ya uandishi wa habari kwa miezi sita, na baada yake angekuwa mwandishi wa gazeti. Sharti lilipigiwa mstari: kila maoni yawe na jina kamili la mtoa maoni na kijiji chake, yasiyo na jina hayatapokelewa. Mwalimu Bura alitusomea barua hiyo sisi wawili tukiwa tumekaa juu ya magunia. Nafasi ni moja, alisema, lakini kazi ni ya wote, na aliye bora ataonekana. Nilimwangalia mwenzangu pembeni. Alikuwa anafurahi bila kuficha, kama mtu aliyeambiwa kuna sikukuu. Mimi tangu dakika hiyo sikulala vizuri.

Chumba chetu kilikuwa uani kwa Shangazi Fabiola. Kitanda kilikuwa kimoja, cha kamba, na tulilala mzungu wa nne chini ya blanketi la kijivu. Ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa wa mbao zisizobana, hivyo moshi na mazungumzo vyote vilitufikia. Shangazi alipika makande siku tano kwa wiki, na siku ambazo mtu wa Endulen alipita na lori, mwenzangu aliletewa kibuyu cha maziwa mgando yenye harufu ya moshi wa mzaituni mwitu. Aliyamimina kwenye sahani ya kila mtu kabla ya yake. Hata hilo nililionea wivu, kwa kuwa Shangazi alimshukuru kwa Kiiraqw, lugha ambayo mwenzangu alikuwa amejifunza kwa miezi minne tu, naye akamjibu kwa makosa matamu yaliyowachekesha wote. Mimi niliongea Kiiraqw tangu kuzaliwa na hakuna aliyewahi kucheka kwa furaha kwa sababu yangu.

Lakini wivu wenyewe ulianza na daftari. Nilikuwa nimechora safu kwa rula katika madaftari mawili, moja langu, moja lake: jina, umri, kijiji, maoni, na chini kabisa mstari wa shahidi, ikiwa mtoa maoni hajui kuandika. Nilizunguka Karatu nzima na daftari langu wazi mkononi. Nilikwenda mashine ya kusaga, nikaenda kwa mafundi cherehani, nikasimama nje ya kanisa baada ya misa. Watu walisimama wima kama wanapigwa picha na kuniambia kwamba kitabu ni kizuri na kinafundisha maadili. Mama Elizabeti, mke wa mwenye mashine, aliniambia, nami nikaandika, kuwa kitabu kinatuasa tulee watoto wa wenzetu kama wetu. Wiki hiyo hiyo mwenzangu alikaa naye barazani wakipukuchua maharage. Hakutoa daftari. Aliporudi chumbani alikaa kitandani akaandika, na alipokwenda kuoga nikasoma. Mama Elizabeti huyo huyo alikuwa amesema: "Wa kuchapwa ni baba. Miaka saba anakula mezani na mtoto hana viatu, haoni? Huyo mwandishi amemficha baba chini ya meza ili sisi wanawake tupigane juu yake." Nilisoma mara mbili. Halafu nikafungua daftari langu nikasoma maadili mema, maadili mema, maadili mema, mpaka mwisho wa ukurasa.

Siku ya tatu au ya nne baada ya hapo nilikuwa chumbani nikinakili, nikamsikia Shangazi jikoni akiongea na jirani yake wakati wa kuchambua mchele. Jirani aliuliza kati ya hawa wasichana wawili ni nani atakayekwenda kusomea gazeti. Nilisikia mchele ukirushwa kwenye ungo. Kisha Shangazi akasema, "Wetu ana kalamu. Huyu wa Endulen ana masikio." Jirani akasema lakini gazeti ni kalamu. Shangazi akasema, "Kalamu inafundishwa." Wakahamia habari za mvua. Nimeandika habari za mawaziri na za wezi wa mifugo, nimetukanwa na watu wenye bunduki, na hakuna sentensi iliyonikaa mwilini kama hiyo ya maneno mawili iliyopita kwenye mwanya wa ubao.

Mwezi wa sita Mwalimu Bura alitutuma wote Endulen kwa wiki moja, kwa hoja kwamba maoni ya wafugaji hayajapatikana. Tulipanda lori la mahindi, kwa sababu ndani ya hifadhi kulima kulikuwa kumekatazwa na watu walikula mahindi yetu ya Karatu. Tulivuka lango, tukapita ukingo wa kreta katikati ya ukungu bila kuiona, tukateremka upande wa pili mpaka kwenye jua. Bibi yake mwenzangu, mama wa mama yake, alikuwa amelazwa katika hospitali ya misheni kwa uzee na kifua. Mwenzangu alimwita Koko, kama wajukuu wote wa huko wanavyowaita bibi zao, nami nikamwita hivyo hivyo. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vya chuma vimepangwa pande mbili, na kila alasiri wauguzi walipomaliza zamu yao mwenzangu alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha Koko na kuwasimulia wanawake wote kitabu kile kwa Kimaasai, sura mbili kwa siku, akinigeukia kila mara kunieleza kwa sauti ya chini walichosema.

Nilikaa kwenye kiti cha mbao nikiandika. Niliandika kwamba wasikilizaji ni kumi na moja. Niliandika kwamba msimuliaji hakutaja jina la Subira hata mara moja baada ya sura ya kwanza, alimwita "yule wa kwanza." Pembeni nikaongeza: amesahau jina, kosa. Siku ya pili Koko alinyoosha mkono kusimamisha hadithi na kuuliza yule wa kwanza alipokufa, ng'ombe wake walikwenda nyumba gani. Mwenzangu akamjibu kuwa ni watu wa mjini, hawana ng'ombe. Koko akafikiri, akauliza, "Basi wanagombania nini?" Wodi nzima ikacheka, hata mwanamke mmoja aliyekuwa na mguu umefungwa juu kwa kamba. Mwenzangu alicheka mpaka akajifuta macho. Kila asubuhi mwanamume wa makamo mwenye shuka nyekundu alileta kibuyu cha maziwa kwa Koko, akamshika mkono, akainamisha kichwa apewe baraka, akaondoka bila maneno mengi. Nilidhani ni mwanawe.

Siku ya nne hadithi ilifika mwisho, magoti yakapigwa, msamaha ukatolewa, daktari akaoa. Wanawake walifurahi. Koko hakufurahi. Aliomba ainuliwe, akaegemezwa kwenye mito, akaongea muda mrefu akitazama miguu yake. Mwenzangu alitafsiri polepole, na nilivyosikia ndivyo nitakavyoandika. Alisema kitabu hiki kimeandikwa na mtoto aliyekasirika, na mtoto aliyekasirika ana haki, lakini haoni mbali. Alisema mama yule wa kambo hana siku hata moja ya kuumwa kichwa, hana ndoto, hana mtu anayemwuliza umekula nini. Hakuna aliyeuliza anaogopa nini. Mwanamke anayeingia kwenye nyumba ambayo moto wake uliwashwa na mwingine anaogopa kila kitu, hata vibuyu vilivyotundikwa ukutani, kwa sababu vimemzoea yule wa kwanza. Hapo mwenzangu akaacha kutafsiri, ingawa Koko alikuwa bado anaongea. Koko akatambua. Akanigeukia mimi, akatumia Kiswahili chake cha mnadani, neno moja moja.

"Wewe," aliniambia. "Andika. Mimi ilinyima toto maziwa. Toto ile natazama mimi na macho ya mama yake. Mimi nashindwa hiyo macho." Akaonyesha kibuyu kilichokuwa chini ya kitanda. "Sasa yeye naleta."

Mtu wa shuka nyekundu hakuwa mwanawe wa kumzaa. Nilielewa hapo hapo, na wodi nzima ilikwisha kujua kabla yangu. Nilielewa pia, nikiwa na kalamu mkononi, kwamba haya ndiyo maoni bora kuliko yote yatakayofika kwa mhariri yeyote, kwamba kurasa zangu sita za kalibu na matofali hazikuona hata robo yake, na kwamba hayakuwa yangu. Yalikuwa ya daftari la mwenzangu. Endulen ilikuwa sehemu yake, ndivyo tulivyokubaliana kabla ya kupanda lori. Sikuandika. Niliinamisha kichwa nikajifanya naandika, na kilichomo kwenye karatasi yangu ya siku ile ni mistari ya wima, kama uzio.

Tulirudi Karatu. Wiki tatu baadaye dereva wa lori alileta habari kwamba Koko amefariki. Mwenzangu aliondoka siku hiyo hiyo, akakaa huko siku tisa, akarudi amenyoa kichwa chote. Shangazi alimpa kitambaa cha kujifunga, naye akakikunja vizuri akakiweka chini ya mto. Alikuwa mzuri zaidi bila nywele. Nililiona hilo pia, na sikupenda kuliona.

Mwishoni mwa mwezi wa nane Mwalimu Bura alituita ghalani apitie madaftari kabla ya kuyapeleka. Langu alilipekua haraka: majina arobaini na moja, umri, vijiji, kila kitu kwenye safu yake. Alisema kazi safi. La mwenzangu alilisoma taratibu. Alipofika ukurasa wa Koko alivua miwani, akaisafisha, akaivaa, akasoma tena kwa sauti. Kisha akaona kwamba safu ya jina ni tupu.

Akamwuliza ni nani aliyesema haya. Mwenzangu akajibu ni bibi yake, ambaye sasa hayupo. Mwalimu akampa pole kwa mara ya pili, kisha akamwomba ajaze jina. Mwenzangu akasema, "Siwezi kulitaja, Mwalimu."

"Usilitaje. Liandike tu."

Alichukua kalamu. Nakumbuka mkono wake ukiwa juu ya karatasi, na nzi wa ghalani akitembea kwenye rula. Akaiweka kalamu chini. "Nikilitaja litasikika mara moja," alisema. "Nikiliandika, kila atakayefungua atamwita. Kwetu akishakwenda hatumwiti."

Mwalimu Bura hakuwa mtu mbaya. Aliifahamu desturi hiyo kwa mbali, kama tunavyozifahamu za majirani. Alikuna kidevu, akasema gazeti halijui mila, barua imepigiwa mstari, na mtu wa mjini akiona maneno mazito namna hii bila jina atasema msichana ameyatunga. Halafu uso wake ukafunguka. Akasema iko njia: mstari wa shahidi. Akiwepo mtu mmoja aliyesikia kwa masikio yake, aandike jina lake kama shahidi, naye mwenyewe atamwandikia mhariri barua ya kueleza. Akanigeukia. Alikuwa anatabasamu, kwa kuwa tatizo lilikwisha. "Paskalina, wewe ulikuwepo. Ulimsikia huyu bibi?"

Nilikuwa na jibu tayari. Sikulifikiria pale, nadhani lilikuwa limekaa likisubiri tangu siku ya mchele na ungo. Nilisema, "Nilikuwepo, Mwalimu. Lakini Kimaasai sikijui."

Kila neno katika jibu hilo ni kweli. Nimewafundisha vijana wengi wa gazetini kwamba sentensi inaweza kuwa kweli neno kwa neno na bado ikawa uongo, na hawakuwahi kuniuliza mfano nimeutoa wapi. Mwalimu Bura alisubiri niongeze. Sikuongeza. Mwenzangu alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake akumbuke kitu kilichopo kwenye ncha ya ulimi. Alingoja muda mrefu kuliko Mwalimu. Angeweza kusema, "Alikuambia wewe kwa Kiswahili." Hakusema, na kwa miaka mingi nilijiambia kwamba kukaa kwake kimya kulikuwa kiburi. Mwalimu Bura akauchomoa ukurasa ule kwa uangalifu asipasue kingo, akamrudishia.

Bila ukurasa huo daftari lake lilikuwa na maoni tisa. Jioni ile chumbani alikunja nguo zake mbili na kuziweka kwenye mfuko wa shule. Nilikuwa nimekaa kitandani nikijifanya natafuta kifungo. Alipofika mlangoni alisema jambo moja tu: "Koko alikuambia wewe uandike." Asubuhi alipanda lori la mahindi. Shangazi aliniuliza kulikuwa na nini kati yetu, nikasema hakuna, naye akaacha kunimiminia uji kwa muda, nilijimiminia mwenyewe.

Gazeti lilichapisha mistari minne kutoka zile kurasa zangu sita nilizozitia ndani ya daftari, ile ya kalibu na matofali, na chini yake jina langu. Niliitwa kwenye mafunzo. Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na nilikuwa mzuri. Nilijifunza kufunga daftari na kupukuchua maharage na watu kabla ya kuuliza, na kila nilipofanya hivyo nilijua ninaiba mara ya pili. Habari zake nilizipata kwa vipande: anafundisha kisomo wanawake wa Endulen, ameolewa, anatembea mpaka kijiji cha Kakesio na ubao mgongoni. Mara mbili gazeti lilinituma hifadhini, na mara mbili nilipita njia ya Endulen bila kusimama. Ningeweza kusema ni aibu, na aibu ilikuwepo. Lakini niwe mkweli: niliogopa kumkuta ana raha.

Jumamosi ile ya mazishi ukungu ulikuwa ule ule ukingoni na jua lile lile upande wa pili. Nilizoea kuhesabu watu kwenye mikutano, nikahesabu: wanawake peke yao walipita mia tatu, wengi wao wazee, wengine wamekuja kwa miguu tangu jana yake. Nilijiona nikipiga hesabu kichwani ya watakaokuja kwangu. Hata kaburini nilikuwa namwonea wivu. Padri alisali, nyimbo ziliimbwa, watu wakasema mama, dada, mwalimu wetu, na saa zote nilizokaa pale sikusikia jina lake likitoka kinywani mwa mtu wa nyumba yake.

Baada ya chakula binti yake aliniingiza ndani. Wazee wa kike kama kumi walikuwa wamekaa kwenye viti na mikeka, na chai ya maziwa ilikuwa inazunguka. Alileta karatasi iliyokunjwa ndani ya kitambaa. Kabla hajaikunjua niliiona rula yangu kwenye safu zake. Akasema mama yake alikuwa akiutumia ukurasa huo kufundishia kisomo kila mwaka, wanawake walipoanza kusoma vizuri. Walisoma, wakabishana, wengine wakalia. "Wakimwuliza aliyesema ni nani, alikuwa hasemi. Wakimwambia umetunga, alikuwa anajibu, shahidi yuko Karatu, anaitwa Paskalina. Siku moja atakuja, mtamwuliza."

"Alisema hivyo lini?" niliuliza. Lilikuwa swali la kijinga, la kupata muda.

"Kila mwaka, mama mdogo."

Mwanamke mmoja mzee sana, mwenye shanga masikioni mpaka mabegani, alisema kitu akinitazama. Binti akafungua mdomo atafsiri. Nikamwashiria aache. Kimaasai sikijui hata leo, lakini swali lile nililielewa.

"Nilikuwepo," nikasema. "Na sehemu ile ya mwisho, ya maziwa, aliniambia mimi mwenyewe, kwa Kiswahili. Nilimsikia."

Binti akawaambia. Yule mzee alitikisa kichwa mara moja kukubali, kama mtu aliyeletewa kitu alichokiazimisha, akarudia chai yake. Niliomba kalamu. Karatasi ilikuwa imelainika kama nguo kwenye mikunjo, na mwandiko wa mwenzangu, ule niliokuwa naucheka kwa kupinda kwake, ulikuwa bado mweusi. Safu ya jina niliiacha ilivyo. Nikashuka chini kabisa kwenye mstari niliouchora mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaandika langu.